Hapa Soma Polepole

Bibi yule alikuwa anahesabu kurasa kwa masikio. Macho yake yalikuwa yamekwisha, ukungu mtupu, lakini ukigeuza karatasi mbili kwa pamoja alikuwa anainua kidole kutoka kwenye mkono wa kiti na kukiacha hewani mpaka urudi nyuma. Hasemi neno. Nimetunza wazee wanaotukana na kurusha vijiko, wala sikuwaogopa. Kidole kile nilikiogopa.

Nilitumwa kwake na wakala wa kazi za kutunza wazee majumbani, katikati ya miaka ya elfu mbili. Mimi na mume wangu na binti yetu wa miaka tisa tulikuwa tumepanga Flemingdon Park, Toronto, na yeye alikaa vituo vichache mbele kwa basi la Don Mills, katika jengo refu linalotazama bonde. Ndani ya lifti yao kulikuwa na kitufe cha kumi na mbili, kisha cha kumi na nne. Ya kumi na tatu hawakuiandika kwa kuogopa mkosi. Majengo mengi ya Toronto yako hivyo. Ghorofa yenyewe ipo, watu wanapika na kulala humo, ila jina lake limerukwa. Kwenye karatasi ya kazi niliandikiwa ghorofa ya kumi na nne. Siku ya kwanza, nikiwa chini nasubiri nifunguliwe mlango, nilihesabu madirisha moja moja nikajua anaishi wapi hasa.

Alikuwa Mjerumani, aliletwa Kanada akiwa bibi harusi miaka michache baada ya vita vyao vikubwa. Mume alishakufa. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa chakula cha mchana na vidonge vyake, halafu kumsomea kwa saa moja. Hilo la kusoma halikuwa kwenye karatasi ya wakala. Alilitaka mwenyewe, na alinipima kwanza. Aliniuliza kama najua Kijerumani. Nikasema sijui hata salamu. Akasema, “Vizuri sana,” nami nikadhani uzee umeshamfika kichwani.

Sikuwa na jina la kumwita. Kwetu mtu wa umri ule humwiti kwa jina lake, kwa hiyo nilimwita Mama, na yeye akaniacha.

Alinifundisha neno moja kabla ya mengine yote: vorlesen. Kusoma kwao ni lesen. Lakini kumsomea mwenzako kwa sauti, yeye amekaa anasikiliza, kuna neno lake mbali, na wanalitumia kila siku bila kulifikiria. Mama anapomsomea mtoto kitabu kabla hajalala, hiyo ni vorlesen. Mwalimu anapolisomea darasa. Mke aliyeshika kitabu cha mapishi anapomsomea mumewe mwenye unga mikononi. Mtu aliyesahau miwani anampa jirani barua ya benki na kumwambia, “Lies mir vor,” nisomee. Bibi alisema kusoma ni kazi ya mtu mmoja, na hii nyingine ni kazi ya watu wawili, mmoja akidanganya imeharibika.

Nikamwambia sisi pia tunalo: kusoma, na kusomea. Alifurahi.

“Basi kazi hii unaijua,” akasema.

Niliijua kuliko nilivyotaka ajue.

Watu waliniuliza baadaye niliwezaje kusoma lugha nisiyoielewa. Mtoto wa Tanga aliyepita chuoni kwa maalimu hawezi kuuliza swali hilo. Tulihitimisha juzuu nzima kwa sauti, kwa mahadhi, herufi kila moja mahali pake, kabla hatujajua maana ya neno moja. Ukikosea kuvuta, fimbo. Ukiuliza maana, unaambiwa maana itakuja. Kijerumani nacho kinasomwa kilivyoandikwa, ukishajua kwamba w yao ni v na z yao ni ts. Baada ya mwezi mmoja na kitabu chake cha mapishi nilikuwa nasoma moja kwa moja, na mume wangu alikuwa ananiambia nisije nikaanza kuwatoza kodi ya kichwa, maana babu zetu walishalipa.

Kitabu cha mapishi kilipokwisha, bibi aliniambia nifungue droo ya chini ya kabati la vyombo. Kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani barua za dada yake. Dada alibaki Ujerumani na mama yao. Naye alishakufa. Barua zilikuwa zimepangwa kwa miaka, kwa mwandiko ulionyooka, na ya mwisho ilikuwa na kurasa nne.

“Tutaanza na ya kwanza,” akasema. “Ile ya mwisho tutaifikia.”

Sebule ile ilikuwa na viti viwili vilivyotazamana karibu na dirisha. Mimi nilikuwa nakaa kwenye stuli, pembeni. Tulipofungua barua ya kwanza alisema hapana, nikae pale, kwenye kiti cha mbele yake. Kilikuwa kiti cha siku zote, kitambaa cha kijani, lakini kilikuwa na baridi ambayo haikuondoka hata nikikikalia saa nzima. Nikasoma. Na yeye akaanza kujibu.

Hakunijibu mimi. Nikisoma sentensi mbili anasema moja, kwa Kijerumani, kwa sauti nyepesi ya msichana ambayo sikuwahi kuisikia nikimwogesha. Anacheka. Anabisha. Mara nyingine ananikatiza kwa hasira, nami nanyamaza mpaka amalize, halafu naendelea, na mstari unaofuata unamfaa kwa jibu. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilikuwa nasikia wazi kwamba ni mazungumzo. Mama mmoja wa Kigoa aliyekuwa jirani, mzaliwa wa Nairobi, alinikuta kwenye lifti akaniambia kwa Kiswahili chake kizuri, “Mgeni wa bibi yuko bado? Nasikia wanaongea na dada yake mchana kutwa.” Nikamwambia hakuna mgeni, ni mimi. Akanitazama, akatazama namba zinazowaka juu ya mlango.

Kisha ikaja asubuhi ya binti yangu. Alikuwa anafunga mkoba wa shule huku akijiimbia, na katikati ya wimbo akasema, “Und ich habe geantwortet.” Nilikuwa nampakia siagi kwenye mkate, kisu kikasimama. Nikamuuliza amelitoa wapi hilo. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mimi ndiye ninayelisema nikiwa nimelala, kila siku, na baba pia anasikia. Mume wangu akainamisha uso kwenye chai. Nilijaribu kukumbuka ni barua ipi yenye maneno hayo. Hakukuwa na hata moja kati ya zile nilizokwisha kusoma.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo haya mengine ni hadithi za kutishia watoto.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja mama yangu hakujua kusoma. Baba alikuwa amekwenda kufanya kazi Arusha, na barua zake zilikuwa zinakuja kila baada ya miezi miwili, mitatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea mama, yeye amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Barua ya mwisho ilikuwa fupi. Salamu, habari za kazi, kisha baba akaandika: Mwanangu, hapa soma polepole, mama yako asikie. Na chini yake: Nimempa mama yako talaka moja. Eda yake ikiisha yuko huru. Asinisubiri.

Alijua anayesoma ni mimi. Aliutafuta mdomo wa mtoto wake autumie kumwacha mkewe. Mpaka leo nikilikumbuka hilo damu inanichemka, na yeye yuko kaburini, Mungu amrehemu.

Mama aliinua uso kutoka kwenye ungo. “Mbona umenyamaza?” Nikasema mwandiko ni mbaya. Halafu nikasoma, kwa sauti ileile, mstari ambao haukuwepo: Mambo yakitengemaa nitakuja. Mama akasema, “Inshallah,” akarudi kwenye mchele wake.

Akamsubiri. Wakaja watu wawili kumposa, akawaambia ana mume. Miaka mingi baadaye, mimi nikiwa mtu mzima, ikaja habari kwamba baba amefariki, na mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, kwa nguo nyeupe, kwa mwanamume aliyekwisha kumwacha. Ndugu wa baba walikuja kutoa pole, wakamtazama zile nguo, wakatazamana, wakaondoka hata chai hawajanywa. Mimi ndiye niliyempikia siku zote zile. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Kanada.

Hilo ndilo nililokuwa nimelibeba nikikaa kwenye kiti cha kijani. Mama alikuwa hai bado, Tanga, amepita sabini, na kila nilipompigia simu nilisema nitamwambia, na kila siku nikamuuliza habari za magoti.

Ndiyo maana kazi ya bibi ilinipa raha mwanzoni, pamoja na uoga wake wote. Nisichokielewa siwezi kukipunguza. Nilikuwa mdomo tu. Bibi naye, nikaja kutambua, alinitaka kwa sababu hiyohiyo.

Mwanawe alikuwa anaishi Pickering, mtu mpole wa makamo, anakuja Jumapili na sufuria ya supu. Jumapili moja nilikuwa namshikia zamu mwenzangu, akanifuata kwenye korido, karibu na kile kijimlango cha kutupia taka. Alisema anajua tunasoma barua, na kwamba imebaki moja. Akaomba niruke ukurasa wa tatu.

“Mimi huuruka nikimsomea,” akasema. “Na mama wa kanisani kwake aliyekuwa anamsomea kabla yako, naye nilimwomba hivyo. Ni kwa kumhurumia tu.”

Nikamwambia maneno ya huyo dada wa mama yake siyaelewi hata kidogo, kwa nini ananiambia. Laiti ningenyamaza. Akanieleza. Mama wa wale dada wawili alipokuwa anakufa alikuwa anamwita binti wa Kanada kwa jina, usiku na mchana, na yule binti aliyebaki akachoka kusema hayupo. Akaitika. Akakaa siku tatu kitandani kwa mama yake akiwa mtu mwingine. Mama akafa ameridhika, ameshika mkono wa binti aliyemdhania kuwa amerudi. Na dada akaandika kwamba baada ya hapo hataki kuandikiwa tena, kwa sababu hajui akijibu atakuwa anajibu kama nani.

Yule bwana akanishukuru, akateremka na sufuria yake tupu. Mimi nikabaki koridoni. Alikuwa ameniharibia kazi. Sasa nilijua la kuruka.

Siku tuliyoifungua ilikuwa ya theluji, saa tisa ya mchana, ule mwanga mweupe wa huko usiotoka upande wowote. Kwenye basi nilikuwa nimeshaamua kuruka. Nani mimi wa kumuumiza mzee wa watu? Nilipanga hata namna: nitavuta pumzi, nikohoe, nigeuze karatasi mbili katikati ya kikohozi. Nilikuwa na uzoefu, jamani.

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Bibi hakujibu kitu. Nikasoma wa pili, akakaa kimya vilevile, mikono juu ya mapaja, macho yake meupe yamenielekea mimi hasa. Nikavuta pumzi. Nikakohoa. Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye karatasi, nikavitazama, na naapa vilikuwa vidogo. Kucha zilikuwa na vumbi la pumba za mchele. Kidole cha bibi kikainuka kutoka kwenye kiti na kusimama.

Nikarudisha karatasi, nikasoma ukurasa wa tatu.

Nilisoma polepole. Sikujua maneno lakini nilijua habari, na katikati ya ukurasa nikakutana nayo, yameandikwa kwa mwandiko ulionyooka: Und ich habe geantwortet. Na mimi nikaitika. Ulimi wangu ulishayazoea. Hapo nikasikia sauti ya pili. Bibi alikuwa anasema pamoja nami, neno kwa neno, halafu akanitangulia kidogo, mimi ndiye nikawa namfuata, mpaka mwisho wa ukurasa, mpaka mwisho wa barua. Alikuwa anaijua yote kwa moyo.

Nilimwuliza tangu lini.

“Tangu ilipofika,” akasema kwa Kiingereza, kwa sauti yake ya kizee. “Wakati ule nilikuwa na macho. Niliisoma hapo ulipokaa.”

“Sasa kwa nini, Mama?”

“Miaka yote ninaijua peke yangu. Mwanangu anaruka. Yule wa kanisani anaruka. Wananihurumia, halafu wanaondoka, na mimi nabaki nayo humu ndani peke yangu. Nilitaka mtu mmoja aniambie usoni kwamba ilitokea.”

Akaomba chai. Nilipokuwa jikoni nilisikiliza kama ataongea na mtu, hakuongea. Kiti cha kijani niliporudi kukikalia kilikuwa na joto la kawaida la mtu aliyetoka kukalia. Pengine mimi. Kuhusu maneno ya binti yangu, huwa najieleza kwamba bibi alikuwa akiyanung'unika anaposinzia, nami nikayaokota bila kujua, kama yale ya chuoni. Ndivyo ninavyojieleza.

Lakini njiani kurudi nyumbani sikuwaza la bibi. Niliwaza kisomo. Miaka miwili au mitatu baada ya barua ile, serikali ilipowaita watu wazima wote madarasani, mama yangu alikwenda. Alikwenda na kibao na chaki, akahitimu, akawa anasoma pakiti za chumvi kwa sauti dukani ili watu wamsikie. Nilikuwa nikichungulia sandukuni mwake nione kama barua ya baba imeguswa. Siku zote niliikuta chini ya kanga zilezile, imekunjwa nilivyoikunja mimi. Nikajituliza kwamba hajaifungua. Kwenye basi la Don Mills, katikati ya watu wenye makoti yaliyolowa, nilijiuliza kwa mara ya kwanza: mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, mwenye barua moja tu sandukuni, atasoma nini kingine?

Jumamosi asubuhi nilinunua kadi ya simu, nikaikwangua, nikapiga. Kwao ilikuwa jioni. Nilikosea namba mara mbili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?”

“Hatujambo. Mama, ile barua ya mwisho ya baba. Sikukusomea yote.”

Nilitegemea aulize barua ipi. Hakuuliza. Nikasikia kiti kinavutwa, akakaa.

“Nisomee basi,” akasema.

Sikuwa na karatasi mbele yangu wala sikuihitaji. Nikaanza na salamu, nikapita habari za kazi, nikafika pale, nikasimama. Simu ikawa inavuma, ule mvumo wa mbali wa kadi za bei rahisi. Ndani ya mvumo, kwa utulivu, mama akasema:

“Mwanangu, hapa soma polepole.”

Nikalia. Sitaficha, nililia mpaka binti yangu akatoka chumbani. Mama akaniacha nimalize. Nikamuuliza swali lilelile nililomuuliza bibi, tangu lini, akasema tangu kisomo. Ndiyo barua ya kwanza aliyoisoma mwenyewe, ilimchukua siku nne.

“Na eda, mama? Ulikaa eda ya nini?”

“Ningekataa kukaa, watu wangeuliza kwa nini. Ningewaambia niliachwa zamani, kwa barua. Wangeuliza barua hiyo ilisomwa na nani.”

Mashine ya kadi ikaingilia kutuambia dakika zilizobaki. Zilikuwa bado zipo. Nilitaka kusema samahani, na nikasema, lakini alikuwa hanisikilizi.

“Hujamaliza,” akasema. “Endelea.”